Namna ya kupima nguvu ya plastiki kwenye joto na kasi ya matumizi yake

Karatasi ya takwimu inayokuja na plastiki hukupa namba moja ya nguvu ya mvuto: megapaskali (MPa, yaani nyutoni kwa kila milimita mraba) 30, au 60, au 70. Chini yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa nyuzi 23 za Selsiasi na kasi ya kuvuta, mara nyingi milimita 50 kwa dakika. Wengi huchukua ile namba na kuziacha herufi ndogo. Lakini plastiki hiyohiyo ukiipeleka kwenye nyuzi 60, au ukiitundikia mzigo kwa miaka mitano, au ukiipiga nyundo, inakuwa kama kitu kingine. Tofauti si ya asilimia mbili tatu. Mara nyingi hufika nusu, na wakati mwingine huzidi hapo.

Aliyezoea chuma ndiye huumia zaidi. Kati ya nyuzi 20 na 80 nguvu ya chuma cha kawaida haibadiliki kiasi cha kumkosesha mtu usingizi, na mzigo uliokaa saa moja hautofautiani na uliokaa miaka kumi. Kwenye plastiki joto na muda hufanya kazi pamoja, kwa hiyo mwongozo huu hauvitenganishi. Hatua zilizopo hapa zinamfaa mwenye mashine ya kuvuta maabara, na pia fundi mwenye jiliwa, mizani na ndoo ya maji.

Kinachotokea ndani, kabla ya kushika msumeno

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Ukiivuta, minyororo ina njia mbili za kuitikia. Ya kwanza ni kuteleza, mmoja ukampisha mwingine. Hapo kipande hulegea na kurefuka. Ya pili ni kung'ang'ania palepale hadi ufa uanze mahali na kukimbia. Hapo kipande hukatika ghafla bila taarifa. Kuteleza kunahitaji muda, na joto hufupisha muda huo kwa sababu molekuli zilizopata joto hutikisika zaidi na kupata upenyo.

Kwa hiyo kila plastiki ina viwango viwili vya mkazo, yaani nguvu inayovuta ikigawanywa kwa eneo la mkato wa kipande. Kuna mkazo wa kulegea, yaani pale inapoanza kurefuka bila kurudi, na kuna mkazo wa kupasuka. Mkazo wa kupasuka haujali sana joto wala kasi. Mkazo wa kulegea unajali mno: ukipoza plastiki unapanda, ukiivuta haraka unapanda, ukiipasha au ukiivuta taratibu unashuka. Kinachofikiwa kwanza ndicho kinachoamua. Kwenye joto na mwendo wa pole, mkazo wa kulegea uko chini, basi kipande kinalegea kwanza na kunyumbuka. Poza, au ongeza kasi, mkazo wa kulegea unapanda hadi unaupita ule wa kupasuka. Tangu hapo kipande hakipati nafasi ya kulegea kamwe.

Mtu akilielewa hilo, mengi yanayomshangaza yanaacha kumshangaza. Hasa hili: plastiki iliyovutwa haraka huonyesha nguvu kubwa zaidi kwenye mashine, lakini ndiyo inayovunjika kirahisi zaidi mikononi. Nguvu ni mkazo wa juu kabisa uliofikiwa. Ushupavu ni nishati iliyomezwa kabla ya kukatika, yaani eneo lote lililo chini ya mstari wa grafu ya mkazo dhidi ya urefu ulioongezeka. Kasi hupandisha la kwanza na mara nyingi hula la pili.

Mfano unaojulikana zaidi wa joto na kasi kuungana ni wa mpira, ndugu wa karibu wa plastiki. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger kiliruka asubuhi yenye baridi ya nyuzi 2 hivi, na pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi hazikuziba. Mwezi uliofuata mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira huo kwa koleo dogo, akakizamisha kwenye maji ya barafu mbele ya tume ya uchunguzi, kisha akakiachia: hakikurudi umbo lake kwa sekunde kadhaa. Mpira ule haukuwa umeharibika. Ulikuwa umepungukiwa muda tu, kwa kuwa pete ilitakiwa kufuata mwachano wa chuma ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na baridi iliifanya ihitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Jua plastiki yako na joto lake la mpito

Kama kipande kina pembetatu ya kuchakata, soma namba: 1 ni PET, 2 ni polithini nzito, 3 ni PVC, 4 ni polithini nyepesi, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, 7 ni nyinginezo. Kama hakuna alama, tupa kipande kidogo kisicho na povu ndani ya maji. Polithini na polipropilini tupu huelea; polistirini, ABS, nailoni, polikaboneti, PET na PVC huzama. Usichome moto ili kutambua kwa harufu, kwani PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu na kula vyuma vya karakana.

Kisha tafuta joto la mpito wa kioo, linaloandikwa Tg. Chini ya joto hilo minyororo imegandana. Juu yake inaanza kutembea. Haya ni makadirio ya kuanzia:

- polikaboneti: karibu nyuzi 150
- akriliki: karibu 105
- polistirini: karibu 100
- PVC ngumu: karibu 80
- PET: kati ya 70 na 80
- PLA, ile ya mashine za kuchapa vitu: kati ya 55 na 60
- nailoni 6 iliyo kavu: karibu 50
- polipropilini: karibu sifuri au chini yake kidogo
- polithini: chini ya 100 hasi

Usiisome orodha hii kama orodha ya nani mshindi. Polistirini, akriliki na polikaboneti hazina fuwele, yaani sehemu ambazo minyororo imejipanga kwa mpangilio, kwa hiyo zikifika Tg zinaporomoka na haziwezi kubeba chochote. Polithini, polipropilini na nailoni zina fuwele ndani yake, na fuwele hizo huendelea kushikilia hadi karibu na kuyeyuka: polithini nzito karibu nyuzi 130, polipropilini karibu 165, nailoni 6 karibu 220. Ndiyo maana polipropilini inatumika vizuri kwenye joto la chumba ingawa iko juu ya Tg yake. Ndiyo maana pia hubadilika vibaya karibu na sifuri: sanduku la polipropilini ya kawaida lililoanguka mara nyingi kwenye joto la chumba bila kuumia linaweza kupasuka kwa pigo moja likitoka kwenye friza. Polithini kwenye friza hiyohiyo haitishiki.

Polikaboneti nayo ina tabia yake. Ingawa iko zaidi ya nyuzi 120 chini ya Tg, hunyumbuka vizuri kwenye joto la kawaida, kwa kuwa sehemu fupi za minyororo yake zinaendelea kutikisika hata kwenye baridi kali. Lakini usiichanje. Bamba la milimita 3 lenye mchanjo linaweza kunyumbuka likipigwa, na la milimita 6 lenye mchanjo uleule likavunjika kama kioo. Unene zaidi haukuongeza usalama hapo.

Kuna namba nyingine ambayo wauzaji hupenda kuitaja: joto la kupinda chini ya mzigo. Ichukue kwa tahadhari. Polipropilini ileile inaweza kuandikwa karibu nyuzi 100 ikipimwa kwa mkazo wa megapaskali 0.45, na chini ya 60 ikipimwa kwa 1.8. Tena ni kipimo cha muda mfupi, joto likipandishwa nyuzi 2 kila dakika. Hakisemi lolote kuhusu rafu itakayokaa na mzigo kwa mwaka mzima. Kinasaidia kulinganisha plastiki mbili, basi.

Hatua ya 2: Andika joto baya zaidi na muda mbaya zaidi

Chukua karatasi, andika majibu ya maswali manne. Kipande kitapata joto gani la juu kabisa kikiwa na mzigo? Kitapata baridi gani ya chini kabisa? Mzigo mrefu zaidi utakaa kwa muda gani? Pigo kali zaidi litakuja kwa kasi gani?

Kisha unganisha: joto la juu kabisa na mzigo wa muda mrefu kabisa ni hatari ya kulegea na kupinda. Baridi kali kabisa na pigo la haraka kabisa ni hatari ya kupasuka. Ukipima pembe hizi mbili umeshapata sehemu kubwa ya unachotafuta. Katikati, pale nyuzi 23 ilipo, ndipo pasipo na habari mpya.

Kumbuka kwamba joto la kipande si joto la hewa. Plastiki nyeusi iliyo juani hupata joto kali kuliko hewa inayoizunguka, na iliyo jirani na injini au taa pia. Bandika kipimajoto juu ya kipande chenyewe.

Hatua ya 3: Chagua kasi

Kinachohesabika si kasi ya mashine peke yake bali kasi hiyo ikigawanywa kwa urefu unaovutwa. Kiuno cha milimita 50, yaani sehemu nyembamba ya katikati ya sampuli, kikivutwa kwa milimita 5 kwa dakika kinarefuka kwa sehemu 0.1 kila dakika, yaani asilimia 0.17 hivi kila sekunde. Kiuno cha milimita 25 kwa kasi hiyohiyo kinarefuka mara mbili ya hapo, kwa hiyo ukilinganisha sampuli za urefu tofauti bila kufanya mgawanyo huu unajidanganya.

Kwenye mashine, tumia kasi zinazopishana mara kumi: milimita 5, 50 na 500 kwa dakika. Kupishana mara mbili hakutoshi, kwa sababu plastiki huitikia kasi kwa hesabu ya mara kumi kumi. Hesabu aliyoitoa Henry Eyring mwaka 1936 inaeleza hivyo: kila unapozidisha kasi kwa kumi, mkazo wa kulegea unaongezeka kwa kiasi kilekile. Kiasi hicho ndicho unachokitafuta, na kinatofautiana: akriliki hupanda sana, polikaboneti hupanda kidogo.

Pigo ni ulimwengu mwingine. Nyundo ya kipimo cha Izod hugonga kwa mita 3.5 kwa sekunde, sawa na milimita 210,000 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara 4,000 ya ile milimita 50 ya karatasi ya takwimu. Upande wa pili, kati ya sekunde moja na miaka 50 kuna kuzidisha kwa kumi mara tisa. Hakuna mashine moja itakayofika kote huko, ndiyo maana hatua ya 7 na ya 8 zinafanywa kando.

Hatua ya 4: Andaa sampuli

Umbo zuri ni lenye kiuno: ncha pana za kubanwa, katikati jembamba. Sampuli ya kawaida ya ISO 527, kiwango cha kimataifa cha kuvuta plastiki, ina kiuno cha upana wa milimita 10 na unene wa milimita 4, yaani milimita mraba 40. Plastiki ya megapaskali 30 itahitaji nyutoni 1,200 kuishinda, kama uzito wa kilo 120. Kwa mashine ni kitu kidogo. Kwa ndoo na kamba ni balaa. Asiye na mashine akate ukanda mwembamba wa upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1. Huo utashindwa kwa kilo 15 hivi.

Kata sampuli zote kutoka bamba moja na kwa mwelekeo mmoja. Plastiki iliyovutwa au kumiminwa kiwandani ina minyororo iliyolala upande fulani, na ukanda uliokatwa kwa urefu unaweza kutofautiana na wa mapana kuliko tofauti ya joto unayotafuta.

Baada ya kukata, piga msasa kingo kwa kufuata urefu wa ukanda, kwanza wenye chembe kubwa kiasi, kisha laini. Mkwaruzo unaokatisha ukanda ni mchanjo tayari, na kwenye baridi ndio utakaoamua matokeo. Inua ukanda mbele ya taa: ukiona mstari unaong'aa unaokatisha kingo, rudia. Ukipuuza hili utakuwa unapima msumeno wako. Kisha pima upana na unene mahali patatu, utumie eneo dogo zaidi.

Idadi: vipande vitano kwa kila hali. Joto tatu kwa kasi tatu ni vipande 45, nami siku zote naona ni vingi kwa mtu anayeanza. Fanya kasi tatu kwenye nyuzi 23, kisha joto mbili zaidi kwa kasi ya kati. Vinatosha vipande 25, na unapata mistari yote miwili.

Nailoni inataka uangalifu wa peke yake kwa sababu hunywa unyevu wa hewa. Ikiwa kavu ukakamavu wake, yaani inavyokataa kurefuka ikivutwa, ni karibu gigapaskali 3. Ikishiba unyevu wa kawaida wa hewa inaweza kushuka hadi karibu 1. Maji huishusha Tg yake, kwa hiyo nailoni iliyolowa inatenda kama nailoni kavu iliyopashwa joto. Viwango vya ISO vinataka sampuli zikae kwenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50 kwa saa 88 angalau. Kwa nailoni nene hata hizo hazitoshi.

Hatua ya 5: Fikisha joto hadi ndani

Plastiki hupitisha joto vibaya: karibu sehemu moja ya 200 ya chuma, au pungufu. Juu pakipoa, katikati bado pana joto. Kwa unene wa milimita 4, weka nusu saa ndani ya hewa ya joto unalotaka, au dakika kumi majini. Ukanda wa milimita 1 unahitaji muda mfupi zaidi.

Mashine yenye chumba cha joto ikikosekana, maji yanasaidia sana kuliko hewa. Barafu inayoyeyuka hukupa sifuri bila kubahatisha, alimradi barafu na maji viwe pamoja na vikorogwe. Maji ya nyuzi 40 na 60 yanadumu kwenye chombo kilichofunikwa kwa povu la polistirini. Vuta ukanda ukiwa bado ndani ya maji. Ukiutoa kwanza, ukanda mwembamba utaanza kurudi kwenye joto la chumba ndani ya sekunde chache, na namba utakayoandika haitakuwa ya nyuzi 60 wala ya 23. Nailoni ifunge ndani ya mfuko mwembamba isinywe maji.

Hatua ya 6: Vuta, na tumia macho

Vaa miwani ya kinga, hasa kwenye baridi. Kipande kinachopasuka hurusha vipande. Banisha ncha sawasawa, ukanda ukiwa umenyooka kabisa, kwa kuwa ukanda uliopinda hukatika kwenye kibano.

Namba utaipata kwenye mashine. Macho yako yaangalie mengine. Kwenye joto na mwendo wa pole, utaona kiuno kikijibana sehemu moja na kufanya shingo. Kisha shingo hiyo inakua kwa urefu, ikila sehemu pana kutoka pande zote mbili, huku nguvu ikiwa karibu palepale. Baadhi ya plastiki hugeuka nyeupe hapo, dalili ya vijipengo vidogo vilivyofunguka ndani. Kwenye baridi au kasi kubwa, hakuna shingo. Unasikia mlio mkali, na uso wa mkato una eneo dogo laini kama kioo mahali ufa ulipoanzia, kisha mikunjo yenye kukwaruza mahali ulipokimbia. Tafuta eneo hilo laini: kama liko kwenye kingo penye mkwaruzo, kipande hicho usikihesabu.

Akriliki inaonyesha mabadiliko haya vizuri kuliko plastiki nyingi. Kwenye nyuzi 4 hukatika ikiwa imerefuka kwa asilimia chache tu. Ukiipeleka nyuzi 60, bado ni zaidi ya nyuzi 40 chini ya Tg yake, lakini inaweza kurefuka zaidi ya mara mbili ya urefu wake kabla ya kukatika, kwa mkazo ulioshuka sana.

Kwenye kasi ya juu kuna mtego unaowapata hata wenye maabara nzuri. Kazi unayoifanya kuvuta plastiki hugeuka joto, na joto hilo halina pa kwenda. Ukivuta pole linatoroka. Ukivuta kwa milimita 500 kwa dakika linabaki kwenye shingo na kuilegeza. Gusa shingo mara tu baada ya kusimamisha mashine, utausikia uvuguvugu kwenye kidole. Hivyo grafu inaweza kupanda mwanzoni kwa sababu ya kasi, kisha ikashuka kwa sababu ya joto ambalo hukuliweka wewe. Andika mkazo wa kulegea, ambao hufikiwa kabla joto halijakusanyika, na usiamini sana urefu wa mwisho uliopatikana kwa kasi kubwa. Tatizo hilohilo huwapata wanaopima uchovu, yaani kudhoofika kwa mizigo ya kurudiarudia, kwa kutikisa sampuli mara nyingi kwa sekunde: hufikiri wamepima uchovu, kumbe wameipika plastiki.

Hatua ya 7: Mzigo unaokaa

Hii haihitaji mashine, na ndiyo inayoumbua plastiki nyingi. Chora mistari miwili kwenye ukanda, ikiachana milimita 100. Tundika kilo 5 kwenye ukanda wa milimita 5 kwa 1: huo ni mkazo wa karibu megapaskali 10, theluthi ya nguvu ya polipropilini ya kawaida. Soma umbali kati ya mistari baada ya dakika 1, 10, 100, 1,000 na 10,000. Ya mwisho ni karibu wiki nzima. Usitundike juu ya miguu ya mtu. Ukanda unaweza kuachia usiku wa manane.

Chora urefu ulioongezeka dhidi ya muda, ukiweka 1, 10, 100 kwa nafasi sawa. Mstari ukipanda taratibu bila kupinda juu, mkazo unavumilika kwa muda uliopima. Ukianza kujipinda kwenda juu, plastiki inaelekea kuachia. Usiurefushe mstari zaidi ya mara kumi ya muda uliopima. Wiki moja haikuambii lolote la kuaminika kuhusu miaka kumi.

Ukitaka kuona mbele zaidi, rudia kwenye nyuzi 40. Mstari utafanana na ule wa kwanza ila utakuwa umesogea kushoto, kana kwamba saa imekimbia. Williams, Landel na Ferry waliiwekea hesabu tabia hii mwaka 1955 kwa joto lililo juu ya Tg, na kwa namba zao za wastani, kupanda nyuzi 10 kutoka Tg ni sawa na kusubiri mamia ya mara zaidi. Mbali na Tg mwendo ni mdogo kuliko huo, kwa hiyo pima, usikisie. Watengenezaji wa mabomba ya polithini hufanya jambo hilihili kwa ukubwa: hupima bomba lenye shinikizo kwenye joto kadhaa, baadhi kwa zaidi ya saa 9,000, kisha kwa kiwango cha ISO 9080 wanakadiria nguvu ya miaka 50.

Hatua ya 8: Pigo

Pumzisha bamba dogo juu ya pete ya chuma, dondosha uzito wenye ncha ya duara katikati. Kipande kikivunjika, kinachofuata kipigwe kwa nishati ndogo kidogo, kisipovunjika, ongeza. Baada ya vipande 20 hivi utakuwa unazunguka nishati inayovunja nusu ya vipande. Kilo 1 kutoka nusu mita ni jouli 4.9.

Badilisha uzito, si kimo. Kimo kikiongezeka kasi nayo inaongezeka, ukachanganya mambo mawili uliyotaka kuyatenganisha. Mita moja hukupa mita 4.4 kwa sekunde kila mara, uzito uwe wowote. Rudia zoezi zima kwa vipande vilivyotoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kila kimoja kipigwe ndani ya sekunde tano za kutolewa. Zaidi ya nishati, hesabu vipande vilivyobonyea na vilivyotawanyika. Vikianza kutawanyika, umevuka mpaka, hata kama wastani wa nishati bado unapendeza.

Hatua ya 9: Kutoka kwenye namba hadi kwenye uamuzi

Bomba la PE100, aina ya polithini ya mabomba, ni mfano mzuri wa namna wengine walivyoamua. Ukilivuta kwa mashine, polithini yake hulegea kwenye megapaskali zaidi ya 20. Kwa maji ya nyuzi 20 na miaka 50, nguvu inayohesabiwa ni 10 tu. Hizo zinagawanywa kwa 1.25 kama akiba ya usalama, zinabaki 8. Maji yakiwa nyuzi 30, shinikizo linaloruhusiwa huzidishwa kwa 0.87, na yakiwa nyuzi 40 kwa 0.74. Bomba lililoandikwa shinikizo la baa 16 halipaswi kubeba zaidi ya 11.8 kwenye nyuzi 40.

Kwa kipande chako, fanya vivyo hivyo. Kwa mzigo wa kudumu, chukua mkazo ambao haukupinda mstari wa hatua ya 7 kwenye joto la juu kabisa, kisha ugawe kwa akiba yako. Kama hukupima kabisa, robo ya nguvu ya karatasi ya takwimu ni mahali pa kuanzia, si pa kumalizia, na haifai ukikaribia Tg. Kwa mzigo wa dakika chache, tumia mkazo wa kulegea wa kasi ndogo. Kwa pigo, achana na megapaskali. Tumia jouli za kwenye baridi, na uondoe kona kali kwenye umbo la kipande, kwani kona kali hufanya kazi ya mchanjo.

Plastiki yenye nyuzinyuzi za kioo ndani yake haibadiliki sana kwa joto na kasi kama plastiki tupu, maana nyuzinyuzi zenyewe hazijali. Ila kinachozishika bado ni plastiki, na kwenye upande ambao nyuzinyuzi hazikulala mambo ni yaleyale.

Kila namba unayoiandika iwe na hali yake pembeni, vinginevyo mwezi ujao haitakufaa hata wewe. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: polipropilini, bamba la mm 1, mwelekeo wa urefu, maji ya nyuzi 40, mm 50 kwa dakika, kiuno cha mm 50, vipande 5, MPa 21, vyote vilifanya shingo.